Maswali ya Wasomaji: Kilebu Atakayekuwa Mbwa Mkubwa

Barua nyingi zilizotufikia tangu toleo lililopita zinahusu vilebu, yaani watoto wa mbwa, na hasa wale wa aina kubwa ambao watu wanawanunua kwa ajili ya kulinda nyumba, mifugo na mashamba. Nimechagua barua nne. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu kuliko nyingine, kwa sababu imebeba mambo ambayo waandishi wengine wameyagusa pia, na kwa sababu imetaja jambo ambalo katika visiwa vyetu haliwezi kutengwa na mafunzo ya mbwa, nalo ni haki ya yule asiyefuga mbwa.

SWALI: Assalaamu alaikum Daktari. Mimi ni mkaazi wa Kianga, Unguja. Baada ya kuibiwa mbuzi mara mbili nimenunua kilebu dume wa aina ya Jamani Shepadi, na sasa ana wiki kumi. Walinzi wa nyumba ya jirani wamenishauri nimfunge mnyororo uani na asiguswe na mtu, ili awe mkali, halafu akifika miezi sita ndipo nimfundishe. Kwa sasa anang'ata miguu ya watoto, anachukua viatu mlangoni, na juzi alimrukia mama yangu mzazi alipokuwa anatoka kwenda msikitini, akamrowesha kanga kwa mate. Mama amesema mbwa huyu aondoke. Nianze lini kumfundisha, na nianze na nini?

JIBU: Waalaikumu ssalaam, ndugu yangu. Anza leo, na huo mnyororo usimtie. Nakupa pole kwa mbuzi wako, na nakuomba umsikilize mama kuliko unavyowasikiliza hao walinzi, kwa sababu yeye ndiye aliyeliona tatizo lenyewe. Kilebu wa umri huo ana kiasi cha kilo nane, na akimrukia mtu mzima humchafua tu. Dume huyo huyo akishakomaa atakuwa na kilo 30 hadi 40 na urefu wa sentimita 60 hadi 65 mabegani, na siku hiyo akimrukia mama atamwangusha. Wala hatakuwa amefanya ubaya kwa makusudi. Atakuwa anafanya kile kile mlichomwachia alipokuwa mdogo, mkacheka na kumpapasa kichwa.

Ushauri wa kumfunga ili awe mkali hutolewa kwa nia njema, lakini matokeo yake nimeyaona mara nyingi katika kazi hii. Kuanzia wiki ya tatu hadi kiasi cha wiki ya 14 ya umri wake, kilebu hupokea vitu vigeni kwa wepesi ambao hataupata tena maishani. Kitu anachokutana nacho kwa amani katika kipindi hicho hukizoea, na asichokutana nacho huja kukiogopa. Aliyekulia kwenye mnyororo, akiuona ulimwengu kwa umbali wa mita mbili, huwa mwoga, na mbwa mwoga mwenye kilo 35 humng'ata mtoto wa jirani aliyetumwa kuomba chumvi, ilhali mwizi akija na rungu hukimbilia nyuma ya banda. Kubweka anapoingia mtu asiyemjua ni jambo litakalomjia mwenyewe kwa maumbile kadiri anavyokomaa. Hata aina yako hiyo haikuanzishwa kwa ajili ya ukali: Mjerumani Max von Stephanitz, aliyeanza kuiendeleza rasmi mwaka 1899, alikuwa anatafuta mbwa wa kuchungia kondoo, na mbwa wa kuchunga ambaye hamsikilizi mchungaji wake hana faida yoyote, hata angekuwa na nguvu za simba.

Umebakiwa basi na wiki nne hivi za kipindi hicho cha wepesi, na kila siku yake ina thamani. Pengine utaambiwa asitoke ndani mpaka amalize chanjo. Ni kweli kwamba ugonjwa wa parvo huua vilebu na kirusi chake hudumu ardhini kwa miezi mingi, kwa hiyo usimwache atembee kwenye majaa wala mahali wanapopita mbwa usiowajua mpaka akamilishe chanjo zake, kwenye wiki ya 16 hivi. Lakini hakuna kinachokuzuia kumbeba. Mbebe, ukae naye mahali anapoweza kuona njia, ayaone magari ya ng'ombe na pikipiki, wanaume waliovaa kanzu, wanawake waliovaa mabuibui, watoto wanaotoka chuoni wakikimbizana, na mtu anayefungua mwavuli ghafla. Kila anapoona kitu kipya mpe kipande kidogo cha chakula akipendacho. Akitetemeka au akikataa kula, hapo mmekaribia mno. Sogea nyuma naye, wala usimlazimishe. Chanjo ya kichaa cha mbwa hutolewa kuanzia umri wa miezi mitatu, nayo usiikose kwa hali yoyote, kwa kuwa takriban vifo vyote vya watu vinavyotokana na ugonjwa huo duniani huanzia kwenye meno ya mbwa.

Sasa nije kwenye kanga ya mama. Wengi wetu hapa tunafuata madhehebu ya Imam Shafi, ambamo mate ya mbwa ni najisi nzito, na nguo au mwili uliopatwa nayo huoshwa mara saba, moja kati ya hizo ikiwa kwa maji yaliyochanganywa na udongo. Hukumu za kufuga nawaachia masheikh wetu, ambao watakufafanulia ruhusa iliyopo kwa mbwa wa kulinda mifugo na mazao. Kwa upande wangu nataka ujue kwamba mbwa huweza kufundishwa tangu utotoni asimguse mtu kwa mdomo wala kwa miguu, na kwamba mafunzo yote nitakayoyataja hapa huwezekana bila ya mkono wako kulowa hata tone. Chakula cha kumtuza usimpe kiganjani. Mwangushie chini, katikati ya miguu yake ya mbele, au mpe kwa upawa wenye mpini mrefu ambao umetengwa kwa kazi hiyo peke yake. Hata kwa asiyejali habari ya najisi, njia ya kuangusha chini ina faida kubwa: mbwa anayetarajia kitu kizuri ardhini hushusha kichwa, na mbwa aliyeshusha kichwa harukii watu.

Cha kumtuza kiwe kitu anachokipenda kweli. Maini ya kuku yaliyochemshwa, yakakatwa vipande vidogo kama punje za mahindi, yanatosha sana. Dagaa wakavu nao hupendwa, ila wengi wa hapa kwetu huchemshwa kwa maji ya chumvi kabla ya kuanikwa, na chumvi hiyo haimfai. Tafuta wasiotiwa chumvi. Vyote hivyo kwa ujumla visizidi sehemu moja ya kumi ya chakula chake cha siku.

Kabla ya amri yoyote mfundishe neno la kumjulisha kwamba amepatia. Mimi hutumia "Ewaa!", kwa sababu hutamkwa kwa furaha na halifanani na amri nyingine. Sema "Ewaa!" kisha mwangushie kipande, mara kumi, bila ya kumtaka afanye lolote. Baada ya siku mbili utaona masikio yanasimama na macho yanatafuta chini kila ulisemapo. Neno hilo lina kazi kubwa, kwa sababu mbwa huunganisha tuzo na kile alichokuwa anafanya katika sekunde hiyo hiyo. Ukichelewa sekunde tano ukimtafutia kipande mfukoni, atakuwa ameshasimama tena, nawe utakuwa umemtuza kwa kusimama.

Kisha mfundishe kukaa. Chukua kipande kwa upawa, kiweke mbele ya pua yake, halafu kipandishe polepole kuelekea juu ya kichwa chake na nyuma kidogo. Macho yake yatakifuata, kichwa kitainuka, na makalio yatashuka yenyewe. Usimkandamize mgongo kwa mkono, kwani mbwa anayesukumwa hujizuia asisukumike, na nyonga za kilebu mkubwa bado ni laini. Makalio yakigusa chini tu, "Ewaa!", na kipande kianguke. Rudia mara tano, basi. Siku ya pili au ya tatu, ishara ya mkono ikishamtosha bila ya chakula mbele ya pua, ndipo uongeze neno, ulitamke kidogo kabla ya ishara.

Neno gani? Hapa nataka nikae kidogo, kwa sababu nyumba nyingi huharibu mafunzo kwa jambo hili dogo. Bibi anamwambia "keti", watoto wanamwambia "kaa", baba anatumia neno la Kiingereza alilolisikia kwenye video, halafu wote wanasema kilebu ni mkaidi. Kilebu hana lugha. Ana sauti anazozitambua, na kwake hizo ni sauti tatu tofauti. Tena "kaa", "lala" na "wacha" zote zina irabu moja iliyo wazi, na mbwa aliye mbali huzichanganya. Mimi nashauri "kitako" kwa kukaa, kwa kuwa ni neno letu la kila siku na lina sauti kali za k na t ambazo sikio la mbwa huzidaka upesi. "Chini" kwa kulala. "Njoo" kwa kuja. "Subiri" kwa kubaki alipo. Na "wacha" kwa kuacha kitu. Yaandike maneno hayo matano, ubandike karatasi kwenye mlango wa jikoni, na mtu yeyote wa nyumba asiyataje mengine. "Chini" hufundishwa kwa kushusha kipande kutoka puani hadi sakafuni na kukivuta taratibu mbele yake. "Subiri" kwa sekunde moja kwanza, kisha mbili, kisha tano, na hatua moja ya kurudi nyuma, kabla ya kuthubutu kumwacha na kuingia ndani.

Kurukia watu ndiko kutakakoamua kama mama atakubali mbwa akae, kwa hiyo kufanyie kazi kila siku. Kwetu mgeni haingii kimya kimya, hupiga hodi, na hilo ni jambo jema kwa mwenye mbwa, kwa sababu sauti ya onyo huja kabla ya mtu. Tandika kipande cha jamvi kwenye kona ya uani, mbali kidogo na mlango. Mtoto wako mmoja atoke nje asimame nyuma ya mlango. Apige "Hodi!" mara moja. Hapo hapo wewe tupa vipande vitatu vya maini juu ya jamvi, kilebu akimbilie huko, na wakati anaokota, mtoto aingie bila ya kumtazama wala kumsemesha. Fanyeni hivyo mara tano jioni, na kesho mara tano. Katika siku za mwanzo atachungulia mlangoni kwanza, masikio mbele, mkia umenyooka, kisha ndipo akumbuke. Baada ya wiki mbili au tatu watu wa nyumba nyingi huona jambo linalowashangaza: hodi inapigwa na mtu asiyehusika kabisa, muuza samaki kwa mfano, na kilebu anageuka mwenyewe anakwenda kwenye jamvi lake, anakaa kitako, anasubiri. Hakuna uchawi hapo. Ndilo jambo lile lile alilolieleza Mrusi Ivan Pavlov zaidi ya miaka mia moja iliyopita, alipoona kwamba mbwa waliozoea kusikia sauti fulani kabla ya kulishwa hutokwa na mate kwa kuisikia sauti hiyo tu. Ukifika hapo, mwite mama aingie kwa hodi yeye mwenyewe, ajionee.

Kwa wakati huu kabla hajajua, akimrukia mtu, mtu huyo ageuze mgongo, akunje mikono, anyamaze. Kumsukuma kwa goti au kumpigia kelele, kwa kilebu ni mchezo. Miguu yote minne ikirudi chini, ndipo asemeshwe.

Kung'ata miguu ya watoto ni tabia ya umri wake, na meno ya utotoni yanapoanza kung'oka, kati ya miezi minne na sita, hali itazidi kabla ya kutulia. Watoto wafundishwe kusimama kimya kama nguzo badala ya kukimbia na kupiga mayowe, kwa sababu kinachokimbia hufukuzwa. Mchezo usite papo hapo, kilebu apewe kitu chake halali cha kutafuna: mpira mgumu usiomezeka, au karoti iliyogandishwa, ambayo hupoza fizi. Usimpe ndara kuukuu. Yeye hawezi kutofautisha ndara iliyotupwa na makubadhi mapya ya mgeni yaliyoachwa mlangoni. Vyote vina harufu ya mguu wa mtu. Viatu vya wageni vipandishwe kwenye rafu kwa miezi hii michache.

Mafunzo yawe ya dakika tatu hadi tano, mara nne au tano kwa siku, kabla hajala. Msimu wa kaskazi mfundishe baada ya sala ya alfajiri na baada ya alasiri jua likishapoa, kwani mbwa hupoza mwili wake zaidi kwa kuhema, na kwa unyevu wa hewa yetu kuhema hakumsaidii vya kutosha. Haja ndogo na kubwa ni suala la saa: mtoe nje kila anapoamka, anapomaliza kula na anapomaliza kucheza, na usimtarajie kujizuia zaidi ya saa tatu. Akikosea ndani, safisha unyamaze. Kumsugua pua kwenye mkojo hakumfundishi ila kukuogopa.

SWALI: Daktari, mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Mbweni. Nina mbwa jike wa aina ya Boerboel, ana miezi saba. Alipokuwa mdogo tulimpeleka ufukweni na alikuwa anakuja kila tukimwita. Siku hizi nikimwita ananitazama, kisha anageuka anakwenda zake. Anapokuja hatimaye humchapa ndara mbili ili ajue kosa lake, lakini hali inazidi kuwa mbaya. Njiani ananivuta mpaka bega linaniuma. Nimnunulie mnyororo wa kukaba shingo?

JIBU: Dada yangu, usiununue, na ndara uiweke chini. Naandika haya kwa uchungu kidogo kwa sababu kosa lako nililifanya mimi kabla yako, wakati huo nikiwa bado kijana na sijasomea kazi hii. Mbwa wangu wa kwanza alifukuza kuku wa jirani, nikamwita, akaacha kuku akaja, nami nikampiga bakora. Kwa akili yangu nilikuwa nampiga kwa ajili ya kuku. Kwa akili yake, kuku alishawaacha nyuma. Jambo la mwisho alilolifanya lilikuwa ni kunijia. Tangu siku ile nilipomwita alikuwa anasimama hatua mbili mbele yangu, ubavu umegeuka, masikio yamelala, tayari kukimbia, na ilinichukua takriban mwaka mzima kuzirudisha zile hatua mbili. Mbwa wako anapokutazama kisha akaenda zake, anapima tu kinachomngoja akija.

Umri nao unachangia. Kati ya miezi sita na mwaka na nusu mbwa wakubwa hupita katika ujana, na mengi waliyoyajua huonekana kama wameyasahau. Hawajasahau, isipokuwa harufu na sauti za nje zimekuwa na thamani kwao kuliko zamani. Kipindi hiki hakitaki adhabu kali. Kinataka urudi nyuma madarasa mawili na uyafundishe upya.

Neno "njoo" kwenu limeshaharibika, kwa hiyo liache, uchague jipya ambalo hajawahi kuchapwa nalo, "huku" linafaa. Mfungie kamba nyepesi ya mita kumi kwenye mkanda mpana wa kifuani, wala si shingoni, na mwende ufukweni maji yakiwa yamekupwa na watu wakiwa wachache. Mwache anuse. Mwite mara moja tu kwa sauti ya furaha, uchutame, urudi nyuma hatua chache. Usirudie kumwita, anayeitwa mara sita hujifunza kwamba mara tano za mwanzo hazina maana. Asipokuja, ikunje kamba taratibu mpaka ageuke, na akigeuka tu, "Ewaa!" Akifika, mwangushie vipande vitano, kimoja kimoja, kisha mwachie aende tena. Hapo pa kumwachia ndipo watu wengi wanapokosea: humwita mbwa pale tu wanapotaka kuondoka, naye huelewa kwamba kuitika ni kumaliza furaha. Mwite mara kumi, mwachie mara tisa. Kamba usiivue mpaka wiki kadhaa zipite ambazo hukuihitaji hata mara moja, na hata hapo usiivue kama kuna watoto wanaoogelea au wakinamama wanaookota chaza, kwa sababu wao hawajui kwamba mbwa wako ni mpole, na hawana wajibu wa kujua.

Kuhusu kuvuta, kanuni yake ni moja, na huchosha kwa sababu haitaki kuvunjwa hata siku moja: kamba ikikaza, simama, ikilegea, endelea. Mnyororo wa kukaba humuumiza koo, na mbwa mkubwa mwenye maumivu anayepishana na mpita njia huweza kuamini kwamba mpita njia ndiye aliyemuumiza. Siku za mwanzo mtachukua robo saa kufika mwisho wa uchochoro. Vumilia. Na kila mtu anayemtembeza afanye vivyo hivyo, kwani mtoto mmoja akimwachia avute, kazi ya wiki nzima hupotea.

SWALI: Shikamoo Daktari. Nipo Makunduchi, bado nasoma skuli. Rafiki zangu wanasema kilebu akipewa pilipili kwenye chakula, na akifungiwa gizani, anakuwa mkali sana. Ni kweli?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Si kweli. Pilipili humchoma mdomo na matumbo, humpa kuharisha, na kilebu anayeharisha hupungukiwa maji haraka. Giza humpa hofu. Mbwa aliyetendewa hayo huweza kweli kung'ata, lakini atakung'ata wewe au mdogo wako anapoinama kuokota sahani, na mbwa wa namna hiyo hafundishiki kwa urahisi tena. Umefanya vizuri kuuliza kabla ya kufanya. Msomee barua ya Kianga rafiki yako yeyote mwenye kilebu, na uanze na "kitako".

SWALI: Mimi ni mkulima kijana wa Wete, Pemba. Tumbili na nguruwe mwitu wanatumalizia muhogo. Nimepata kilebu mkubwa, mchanganyiko, ana miezi mitano na tayari ana kilo zaidi ya 20. Kila asubuhi namfunga nyuma ya baiskeli tunakwenda shamba, kiasi cha kilomita sita, ili apate pumzi na azoee kutii. Wiki hii amekuwa akikaa chini njiani na kukataa kunyanyuka, na akiamka asubuhi anachechemea. Ni mvivu? Bibi yangu anasema nimpe vidonge vya kalsiamu.

JIBU: Si mvivu, na baiskeli isimame leo. Mwili wake unakudanganya: una ukubwa wa mbwa mzima, lakini mifupa yake ina sehemu laini karibu na ncha zake, ambazo ndizo zinazoirefusha, na kwa mbwa wa aina kubwa sehemu hizo hazikomai mpaka kati ya mwaka mmoja na mwaka mmoja na nusu. Kukimbizwa kilomita sita juu ya ardhi ngumu, kwa mwendo ambao hakuuchagua yeye na hawezi kuusimamisha, huziumiza, na jeraha la hapo huweza kuupinda mguu kwa maisha yote. Alipokaa chini njiani alikuwa anakwambia kwa njia pekee aliyonayo. Kuchechemea kunakoendelea kukaguliwe na daktari wa mifugo, usisubiri kuona kama kutapita.

Vidonge vya kalsiamu usimpe kwa kukisia. Kwa vilebu wakubwa kalsiamu ikizidi huiharibu mifupa sawa na inapopungua. Anayelishwa chakula cha kiwandani kilichotengenezwa kwa vilebu wa aina kubwa asiongezewe kitu. Anayepikiwa nyumbani, ugali na samaki kwa mfano, huweza kupungukiwa kweli, na daktari akupimie kiasi. Vilevile asinenepeshwe. Ukipitisha vidole ubavuni uzihisi mbavu bila ya kubonyeza.

Utii hauji kwa kuchoka. Mbwa aliyechoka hutulia mpaka apumzike, basi. Tumia miezi hii kumfundisha vitu viwili ambavyo shambani vina thamani kuliko mbio, navyo ni kuja akiitwa, kwa njia niliyomweleza dada wa Mbweni, na "wacha". Hilo la pili huanzia nyumbani. Fumba kipande cha ini ndani ya ngumi iliyovaa glavu, mwonyeshe. Atanusa, atalamba glavu, atakwaruza kwa mguu. Wewe nyamaza. Itafika sekunde atakayorudisha kichwa nyuma, pengine kwa kukata tamaa tu, hapo hapo "Ewaa!", na umwangushie kipande kingine kutoka mkono wa pili, wala si kile alichokuwa anakililia. Akielewa, weka kipande wazi chini, umkingie kwa mguu ukihitaji, na uongeze neno "wacha". Kisha iwe kwa kuku anayepita, kwa umbali, naye akiwa kwenye kamba. Mbwa anayemfuata nguruwe mwitu kichakani bila ya kujua neno hilo hurudi amepasuliwa tumbo, au harudi.

Shambani apelekwe akipakiwa kwenye tenga nyuma ya baiskeli maadamu anaingia, na akishakuwa mkubwa wa kutoingia aende kwa miguu yake, polepole, njia ya udongo, nawe ukiikokota baiskeli na kumwacha apumzike kila anapotaka. Kazi yenyewe ya kufukuza ingoje mpaka atimize mwaka na nusu.